Mabua ya deilili yamegoma kurefuka? Tafuta chanzo kabla ya kushika mfuko wa mbolea

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, kuanzia Ngong Road hadi Kiambu Road, urefu wa deilili, ua la bustani liitwalo daylily kwa Kiingereza, hupimwa kwa mkono. Muuzaji anaushusha mkono wake hadi usawa wa kiuno na kusema, "Mama, ikichanua itafika hapa." Mwaka unapita, maua yanatoka, na bua limekomea gotini. Mwenye bustani anaamua kwamba mmea una njaa, anamwaga mbolea, na msimu unaofuata anavuna majani mengi zaidi juu ya bua lile lile fupi.

Njaa ni chanzo kimoja tu kati ya vingi, na kwa bustani za Nairobi mimi siiweki ya kwanza. Bua la deilili hurefuka katika kipindi kifupi, wiki chache tangu ncha yake ionekane katikati ya majani hadi ua la kwanza lifunguke. Kiu, baridi au mizizi iliyokatwa ndani ya wiki hizo hupunguza urefu, na bua likishakomaa hakuna cha kulirefusha. Unachoweza kufanya ni kujua lililotokea, ili bua linalofuata lisipatwe na yale yale.

Pima kwanza

Chukua utepe wa fundi cherehani. Anzia kwenye udongo, si juu ya majani, upande hadi mahali matumba ya juu kabisa yanaposhikana na bua. Pima mabua matatu au manne ya kichaka kimoja. Kisha pima majani jinsi yalivyojipinda yenyewe, bila kuyanyoosha. Andika na mwezi, kwa sababu bila mwezi vipimo hivyo havitakufaa sana.

Sasa utalinganisha na nini? Kama unajua jina la aina yako, kuna urefu rasmi kwenye orodha ya American Daylily Society, chama cha Marekani kinachosajili deilili. 'Stella de Oro', ile ndogo ya manjano iliyosajiliwa mwaka 1975, ina inchi 11 tu, yaani kama sentimita 28. 'Hyperion' ya mwaka 1924 ina inchi 40, karibu mita moja. Zote mbili ni za manjano na zote huitwa deilili, kwa hiyo mwenye Stella anayesubiri maua ya kiunoni atasubiri sana, na mmea wake hauna ubaya wowote.

Hata urefu rasmi uuchukue kama makadirio. Ulipimwa kwenye bustani ya aliyeizalisha aina hiyo, kwa jua lake, udongo wake na majira yake ya baridi. Tofauti ya sentimita kumi hivi mimi siihangaikii. Bua likiwa nusu ya urefu uliotarajiwa, hapo kuna kisa.

Kabla ya kuendelea jiulize mambo matatu. Je, ni kichaka kimoja kilichofupika au ni vyote? Kikiwa kimoja, tatizo liko mahali kilipo au kwenye aina yenyewe. Vikiwa vyote, shuku maji, hali ya hewa, au kitu ulichovimwagia vyote. Je, majani nayo ni mafupi? Na bua hili lilianza kupanda mwezi gani?

Maua yamezama ndani ya majani

Mara nyingi ukipima utakuta bua lina urefu wake kamili, ila majani ndiyo yaliyovuka mpaka. Ni marefu, laini, ya kijani cheusi, yanalala ovyo, na maua yanachungulia katikati yake. Hiyo ni nitrojeni iliyozidi. Chanzo hapa mjini huwa samadi ya kuku iliyowekwa mbichi, au CAN (mbolea ya dukani yenye nitrojeni) ya kila mwezi, au majirani wawili wa kitanda kimoja: nyasi zinazolishwa ili ziwe za kijani, na deilili zinazokula mabaki yake pembeni.

Dawa ni kuacha. Usiweke chochote cha nitrojeni hadi mvua zinazofuata. Usiyakate majani ili maua yaonekane. Majani hayo ndiyo yanayolisha bua linalokuja.

Kivuli huleta picha inayokaribia hiyo lakini si ile ile. Kivulini bua kwa kawaida halifupiki, hulala kuelekea kwenye mwanga, huwa jembamba, na matumba huwa machache. Ukilipima likiwa limelala utaona fupi. Linyooshe upime tena. Deilili hutaka angalau saa sita za jua, na kwa Nairobi jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri, hasa kwa maua ya rangi nzito ambayo hubabuka mchana wa Februari.

Majani mazuri, bua fupi: mara nyingi ni kiu

Hapa ndipo visa vingi vya Nairobi vinapoangukia, na ndipo watu wanapobisha zaidi, kwa sababu mmea hauonekani kuwa na kiu. Deilili ina mizizi minene yenye vinundu vyeupe vinavyoweka akiba ya maji na chakula. Kwa akiba hiyo inaweza kupita kiangazi bila kunyauka. Kubaki hai na kurefusha bua lakini ni mambo mawili. Bua hurefuka kwa seli zake kujaa maji na kutanuka, na maji yakipungua siku hizo, seli hukomaa zikiwa fupi. Majani yaliyokwisha kuota hayabadiliki, kwa hiyo unakuta kichaka chenye afya na bua la gotini.

Tazama mwezi ulioandika. Mvua zetu ni za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba. Deilili nyingi hapa hazingoji msimu mmoja kama kwao Asia Mashariki; ziko karibu kabisa na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa zaidi ya dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo hutoa mabua vipindi mbalimbali. Bua lililoanza kupanda mwishoni mwa Januari au mwezi Septemba lilipandia kwenye ukame. Ongeza mgao wa maji, siku za mfereji mkavu, na kawaida ya kunyunyizia juu juu kwa mpira dakika mbili jioni.

Jaribio ni rahisi. Siku moja baada ya kumwagilia, chimba kishimo kando ya kichaka, kina cha kiganja kizima. Kama unyevu umeishia kwenye vidole viwili vya juu, mizizi haijapata kitu. Kadirio linalotumika sana kwa deilili ni milimita 25 za maji kwa wiki, mvua na mwagilio vikijumlishwa. Kwa eneo la mita moja ya mraba hiyo ni lita 25. Kichaka cha kawaida kinachotawala chini ya nusu mita ya mraba kitahitaji kama nusu ya ndoo ya lita 20, mara moja kwa wiki, polepole, shinani. Nusu ndoo moja kwa mkupuo wa polepole ni bora kuliko kikombe kila siku. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yanafaa. Ya sabuni ya kufulia yaweke mbali.

Matandazo huokoa nusu ya kazi. Nyasi zilizokatwa na kukauka, majani makavu, maganda ya kahawa ukiyapata kutoka upande wa Kiambu: tandaza unene wa vidole vitatu, ila usiyaegemeze kwenye shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi.

Udongo nao una neno. Kwenye udongo mwekundu wa Runda, Kabete au Karen maji hupenya na kushuka bila shida. Kwenye udongo mweusi wa Syokimau, Embakasi na Kitengela hali ni nyingine: kiangazi unapasuka, na nyufa zinakata mizizi myembamba na kuyapitisha maji moja kwa moja chini, masika unafunga, maji yanasimama, mizizi inakosa hewa. Mmea unaokosa hewa mizizini hunywa vibaya hata ukiwa umesimama majini, na bua lake hufupika kama la mwenye kiu. Huko nyanyua kitanda sentimita 20 au 30 juu ya ardhi, changanya mboji nyingi, na usijidanganye kwamba mchanga kidogo utaugeuza udongo ule.

Kuna bua fupi jingine linalotokana na maji, nalo hupatikana mwanzo wa masika. Mmea ulikaa mkavu, mwenye bustani akaweka mbolea akijiandaa kwa mvua, kisha mvua ikashuka kwa fujo. Bua hunywa kwa pupa, hupasuka kwa mkato wa kukingama, na sehemu ya juu huanguka. Wengi hudhani ni mdudu. Ukiona ufa mkavu katikati ya bua na hakuna kinyesi wala tundu la funza, chanzo ni hicho. Kama limepasuka bila kukatika kabisa, lifunge kwenye kijiti. Matumba yake yanaweza bado kuchanua.

Majani nayo yamedumaa

Kikiwa kifupi kila kitu, majani yamefifia na maua yamepungua idadi, chimba pembeni kabla ya kufikiria mbolea. Utakayoyakuta yatakuwa moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni mizizi ya wengine. Nairobi tunapenda kupanda deilili chini ya mjakaranda au kando ya uzio wa kayaba, kwa sababu hapo pana nafasi. Pana nafasi kwa sababu hakuna kinachokua. Mwanzi na mgrevilea hali ni hiyo hiyo. Ukikuta nyuzi za mizizi myembamba isiyo na vinundu imejaa kwenye shimo la deilili, hata umwage tangi zima, mti ndio unaokunywa. Kuhamisha ni bora kuliko kupigana. Usipoweza kuhamisha, kata mizizi hiyo kwa sururu upande mmoja tu, na ujue itarudi.

La pili ni msongamano. Kichaka kilichokaa miaka mitano bila kugawanywa kinakuwa na machipukizi mengi yanayogombea sehemu ile ile. Katikati panakuwa pamechoka na pembeni ndiko kunakochanua. Ng'oa chote, kipasue kwa uma wa bustani au kisu, na upande mafungu ya machipukizi mawili matatu, mbalimbali kama sentimita 45. Yakate majani yabaki kama sentimita 15. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mwishoni mwa Machi au Oktoba mvua ikishashika. Usigawanye Januari.

Kama hakuna mizizi ya mgeni wala msongamano, basi njaa inaweza kweli kuwa ndiyo chanzo. Majani ya zamani, ya nje, kuwa ya manjano sawasawa kuanzia nchani ni dalili ya upungufu wa nitrojeni. Mboji iliyoiva, karai moja kwa kichaka, inatosha kwa wengi. Ukitaka ya dukani, kijiko cha chai cha CAN kilichotawanywa kuzunguka kichaka, juu ya udongo wenye unyevu, mwanzo wa mvua, ni kianzio kizuri. Siamini sana mbolea za "kuchanulisha" zenye fosforasi nyingi. Fosforasi haitarefusha bua, na pesa hiyo ingefaa kulipia upimaji wa udongo katika maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete, kwa wenye bustani kubwa.

Mmea mgeni, na mmea uliozikwa

Deilili iliyopandwa au kugawanywa hivi karibuni itatoa mabua mafupi mara ya kwanza, wakati mwingine nusu ya urefu wake. Imepoteza mizizi na inajenga mingine. Hapo hakuna la kufanya ila kumwagilia na kungoja. Ihukumu kwa mabua ya msimu wa pili, na kama ulipanda chipukizi moja jembamba, wa tatu. Wanaoihamisha kila inapowaudhi huirudisha mwanzo kila mara.

Ikiwa imeshazoea na bado haisongi, chunguza kina. Shingo inapaswa kukaa sentimita mbili hivi chini ya udongo, si zaidi ya mbili na nusu. Fukua taratibu kwa vidole. Sehemu nyeupe chini ya majani ni ile iliyokuwa imefunikwa. Ikiwa ni ndefu kama kidole, mmea umezikwa. Hutokea hata kwa aliyepanda vizuri, kwa sababu samadi na udongo huongezwa juu kila msimu, na mvua hushusha matope kutoka kwenye mteremko. Deilili iliyozikwa hutoa maua machache na mafupi, na kwenye udongo unaoshika maji shingo yake huoza. Inyanyue tu. Ikiwa machipukizi yanang'oka mkononi na kunuka, ondoa yaliyooza, acha mengine yakauke kivulini siku moja mbili, kisha yapande mahali pakavu zaidi.

Baridi ya Julai

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa, asubuhi zina manyunyu, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12. Bua linalopanda siku hizo hukua polepole na hukomea chini. Majani huwa salama, matumba hufunguka kwa uvivu, maua mengine hayafunguki kabisa. Usitibu. Mabua ya Oktoba na Novemba ya kichaka kile kile yakirudi kwenye urefu wake, umeshapata jibu.

Vivyo hivyo bua la pili. Aina zinazochanua tena na tena hutoa bua la kwanza refu, na yanayofuata mara nyingi huwa mafupi na yenye matumba machache. Usilinganishe la Aprili na la Juni.

Za vyungu vya barazani

Kwa wakaaji wa nyumba za ghorofa, Kilimani au Roysambu, chungu chenyewe ndicho chanzo cha kwanza. Mizizi ya deilili hujaza chombo haraka. Chungu cha chini ya sentimita 30 kwa upana na kina kitakupa mmea mdogo wenye mabua madogo. Toa mmea uutazame: mizizi ikizunguka ukuta wa chungu, umepata sababu.

Mmea wa chungu ulionunuliwa ukiwa umejaa maua na mfupi kwa namna ya kupendeza, kisha ukakataa kurefuka, unaweza pia kuwa ulitiwa dawa ya kufupisha. Wazalishaji wa maua ya vyungu huzitumia, paklobutrazoli ikiwa mojawapo, na masalia yake hukaa kwenye udongo kwa muda. Osha udongo wote wa zamani kwenye mizizi, panda upya, na mpe mmea mwaka.

Wadudu, kutu, na wageni wa msituni

Hawa huharibu sura ya bua kuliko urefu wake. Thripsi hupendelea miezi mikavu. Huacha mikwaruzo ya kahawia yenye magamba kwenye bua, matumba hujipinda au kudondoka. Yakung'ute matumba juu ya karatasi nyeupe uone vidudu vyembamba vikikimbia. Vidukari hujificha chini kabisa, kati ya majani, na kuacha unata na ngozi zao nyeupe. Maji ya nguvu ya mpira siku kadhaa mfululizo, kisha sabuni ya maji iliyozimuliwa jioni, huwapunguza.

Kutu, ugonjwa wa kuvu wa majani, utaijua kwa karatasi ya shashi: pitisha chini ya jani, ikitoka unga wa rangi ya chungwa, ndiyo. Haiui, lakini hula nguvu za mmea, na mabua nayo hudhoofika. Kata majani yote yaliyoathirika, yafunge kwenye mfuko yaende na taka, usiyatie kwenye mboji.

Bua ambalo limekatwa ncha kabisa si fupi, limeliwa. Wanaoishi karibu na msitu wa Karura au City Park wanawajua tumbili na kima; matumba ya deilili yanalika hata na watu, na wanyama hao hawahitaji kufundishwa.

Majani yakiwa membamba, yaliyopauka, yamebanana kama manyoya, na juzi ulinyunyizia dawa ya magugu kwenye njia ya mawe, upepo uliipeperushia kwenye mmea. Glaifoseti kidogo tu hudumaza. Ngoja majani mapya.

Maji ya kisima

Mitaa mingi sasa hutegemea visima virefu. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi kwa kawaida yana sodiamu na bikaboneti nyingi, pamoja na floridi. Miaka ikipita udongo hupanda alkali: ukoko mweupe juu ya ardhi na kwenye ukingo wa vyungu, ncha za majani zilizoungua, na majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, kwa sababu mmea haupati chuma ingawa kimo udongoni. Vichaka vyote vya bustani hufupika pamoja. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati na uyahifadhi kwa wiki za mabua kupanda. Masika yakija, yaache yaoshe udongo. Mboji nayo husaidia. Usiweke jivu wala chokaa, hata kama babu alifanya hivyo shambani kwake kwenye udongo mwekundu wenye asidi.

Ikibaki aina yenyewe

Deilili ziko za makundi mawili makubwa, na kundi la tatu katikati. Zipo zinazobaki na majani mabichi mwaka mzima, na zipo zinazokauka kabisa na kulala majira ya baridi ya huko zitokako. Hizi za pili nyingi hutegemea baridi hiyo. Nairobi haina baridi ya kuwalaza, na aina kama hiyo hupungua mwaka hadi mwaka: machipukizi machache, mabua mafupi, kisha hakuna maua. Hakuna maji wala mbolea ya kuziba pengo hilo.

Ili kutenganisha aina na mahali, gawanya kichaka mara mbili mwanzo wa mvua. Nusu irudishe pale pale. Nusu nyingine ipande mahali tofauti kabisa: jua la asubuhi, mbali na miti, udongo uliotiwa mboji, maji ya mvua. Pima mabua ya msimu wa pili pande zote. Ya pale papya yakiwa marefu waziwazi, kosa lilikuwa la mahali. Zikilingana kwa ufupi, aina ndiyo ilivyo. Ihamishie mstari wa mbele wa kitanda, na nafasi ya nyuma mpe ile uliyoiona kwa macho ikiwa na maua, imepandwa ardhini ndani ya Nairobi, si kwenye mfuko mweusi kando ya barabara.